Duka la Mtandaoni: Tukodi ama Tujijengee?

Somo kwa vikundi vya kujisaidia. Kiongozi alisome mapema, kisha asomewe kikundi kwa sauti. Mweka hazina aje na kitabu cha hesabu na kalamu.



Vikundi kadhaa vimeniuliza swali moja, kila kimoja kwa njia yake. Akina mama wanaosuka vyondo kule Ukambani na kuvileta hapa sokoni wameuliza. Washonaji wa mifuko ya kitenge hapa Gikomba wenyewe wameuliza. Tunaambiwa tufungue duka kwenye intaneti ili tuuzie watu wa mbali, hata wa ng'ambo. Mmoja anatuambia tununue programu ya kulipia kila mwezi. Mwingine anasema hizo ni pesa za kutupa, kwani kuna programu ya bure. Tumfuate nani?

Mimi si mtu wa kompyuta. Diploma yangu ni ya kazi ya jamii. Lakini nimekaa na vikundi vilivyojaribu njia zote mbili, nimeona pesa zikienda na nimeona zikirudi, na katika kikundi kimoja mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliotoa ushauri mbaya. Nianze na hicho.

Kilichotupata mwaka 2019

Kikundi ni cha wamama kumi na sita. Wengine wanafungua marobota ya mitumba na kuchagua kamera, yaani zile nguo za kwanza kabisa, wanazifua, wanazirekebisha na kuzipiga pasi. Wengine wanashona mifuko. Walikuwa wameweka akiba ya shilingi 60,000 kupitia mchango wa kila juma. Akaja kijana, mtoto wa jirani, mwenye adabu na maneno mazuri. Akasema atawatengenezea duka la mtandaoni kwa shilingi 45,000, na programu yenyewe ni ya bure, kwa hivyo hakutakuwa na malipo mengine. Waliniuliza. Nikasema, "Kama ni ya bure, shida iko wapi?"

Duka lilitengenezwa na lilipendeza. Picha zilikuwa safi, bei zilikuwepo, na mteja wa kwanza alitoka Nakuru. Baada ya mwaka mmoja na miezi michache, siku moja asubuhi duka halikufunguka. Tukapiga simu kwa kijana, haipatikani. Alikuwa amepata kazi nje ya nchi. Kumbe jina la duka lilikuwa limeandikishwa kwa jina lake. Nafasi kwenye seva ilikuwa imelipiwa kwa barua pepe yake, na muda ulikuwa umekwisha. Maneno ya siri alikuwa nayo yeye peke yake. Majina na namba za simu za wateja zaidi ya mia mbili zilikuwa mle ndani, na hakuna aliyekuwa ameziandika mahali pengine.

Kijana hakuwa mwizi. Hata baadaye alituma ujumbe wa kuomba radhi. Programu nayo haikuwa na makosa. Kosa lilikuwa letu: tulisikia neno "bure" na hatukuuliza swali la pili.

Bure na huria

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza. Waingereza wana neno moja tu kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kilicho huru, na kwa sababu hiyo wenyewe wamebishana miaka mingi. Sisi tuna maneno mawili. "Bure" ni habari ya pesa. "Huria" ni habari ya ruhusa.

Programu huria ni ile ambayo umepewa ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kufungua na kusoma maandishi yake ya ndani uone inavyofanya kazi, kuibadilisha, na kumpa mwenzako nakala, iwe ya asili au ile uliyoibadilisha. Fikra hii ilianza kuenezwa na Mmarekani anayeitwa Richard Stallman mwaka 1983, na leseni inayojulikana zaidi ya kulinda ruhusa hizo, iitwayo GPL, ilitolewa mwaka 1989. Mtu anaweza kukulipisha kwa kuitengeneza, kuileta ama kuitunza. Lakini hawezi kukunyang'anya ruhusa hizo.

Kama hilo bado ni gumu, tutembee kidogo kutoka Gikomba hadi Shauri Moyo, kwa mafundi wa jua kali. Pale wanagonga mabati kutwa kucha. Mnalijua jiko lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo uliochomwa ndani, linalotumia makaa kidogo. Jiko hilo lilianza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kufuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand. Halikufungiwa kwa hati ya umiliki. Fundi yeyote aliruhusiwa kulitazama, kulipima, kuliiga na kulibadilisha. Ndiyo sababu lilienea mpaka vijijini, na ndiyo sababu leo likivunjika huhitaji kumtafuta fundi aliyelitengeneza. Yeyote wa karibu atalitia udongo mpya. Huo ndio uhuria wenyewe.

Lakini tuseme ukweli wote. Kwa sababu kila mtu aliruhusiwa kuiga, wako walioiga vibaya, wakatia udongo hafifu uliopasuka baada ya wiki chache, na mnunuzi hakuwa na ofisi ya kwenda kulalamika. Programu huria ina neema hiyo na ina hatari hiyo hiyo.

Sasa kuna kitu cha tatu kinachotuchanganya: kitu cha bure ambacho si huria. WhatsApp ya biashara, iliyotoka mwaka 2018, ni ya bure. Unaweka picha za bidhaa na bei, na hulipi kitu. Lakini mwenyewe ni kampuni ya Meta, na huruhusiwi kuifungua wala kuihamisha. Tarehe 4 Oktoba 2021 mitambo ya kampuni hiyo ilizimika dunia nzima kwa saa kama sita. Hapa kwetu ilikuwa jioni, watu wakitoka kazini, na waliokuwa wakipokea oda kwa WhatsApp pekee walikaa wakitazama simu. Sisemi msiitumie. Nitawashauri hapa chini muitumie. Nasema mjue ni ya nani.

Programu zenyewe

Kuna majina mengi, nami nitataja machache tu ambayo mtakutana nayo.

Upande wa kukodi, jina kubwa ni Shopify, kampuni ya Kanada iliyoanza mwaka 2006. Mwanzilishi wake alitaka kuuza mbao za kuteleza kwenye theluji, akakosa programu ya kumfaa, akajitengenezea, na mwisho programu ikawa biashara kubwa kuliko mbao. Ukikodi kwao unapata duka, nafasi kwenye seva, ulinzi, na watu wa kujibu maswali, vyote pamoja. Unalipa kila mwezi. Ukiacha kulipa, duka linafungwa. Ni kama kibanda cha kukodi, ila huyu mwenye kibanda hakuitishi gudwili.

Upande wa huria, jina kubwa ni WooCommerce, ambayo hukaa juu ya programu nyingine huria iitwayo WordPress. Historia yake inafundisha. Mwaka 2011 kampuni ya WooThemes, iliyokuwa na makao Cape Town hapa Afrika, ilichukua programu huria ya duka iliyoitwa Jigoshop, ikawaajiri mafundi wawili walioijenga, na kutoka hapo ikatengeneza WooCommerce. Kwa ruhusa ya leseni jambo hilo ni halali kabisa, kama fundi wa Shauri Moyo anayeanzia jiko la mwenzake. Mwaka 2015 kampuni ya Marekani, Automattic, iliinunua WooThemes. Programu ilibaki huria. Kampuni inaweza kuuzwa, lakini ile nakala iliyo mkononi mwako na ruhusa zako haziuzwi nayo.

Kuna pia PrestaShop, OpenCart, na Magento. Hii ya mwisho ni nzito, ya maduka makubwa. Kikundi kisiiguse. Ila naitaja kwa sababu moja: toleo lake la kwanza, lililotumiwa na maduka mengi duniani, liliacha kutunzwa na wenyewe tarehe 30 Juni 2020. Aliyekuwa nalo hakufungiwa duka siku hiyo. Lakini viraka rasmi vya kuziba matundu ya wezi viliisha, na kuhamia toleo la pili kulikuwa kama kujenga upya. Kwa hivyo yule anayesema "ukishajenga umemaliza" anakudanganya. Nyumba ya mabati nayo inavuja.

Jambo jingine zuri la huria ni lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika barua na kupiga hesabu ikiwa kwa Kiswahili. Hawakungoja kampuni ya ng'ambo iamue kama Waswahili ni soko. Ruhusa ilikuwepo, wakafanya.

Aina ya tatu: meza ndani ya soko la mwingine

Kabla ya hesabu, kuna njia ambayo vijana wengi wanaianza bila kufikiri: kuweka bidhaa ndani ya soko la kampuni, kama Jumia ama Jiji. Ni meza ndani ya soko la mtu. Wateja wako tayari, na hilo ni jambo kubwa. Lakini soko likihama, meza yako inahama nalo. Jumia ilifunga kazi Tanzania mwaka 2019. OLX, ambayo Wakenya waliizoea sana, mwaka huo huo iliuza biashara yake ya hapa kwa Jiji. Sky.Garden ya hapa Nairobi, ambayo iliwapa wafanyabiashara wadogo nafasi ya kufungua duka kwa urahisi, ilitangaza Oktoba 2022 kwamba inafunga. Desemba ikaokolewa kwa kununuliwa na Lipa Later. Na Machi 2025 Lipa Later yenyewe ikawekwa chini ya msimamizi kwa sababu ya madeni. Mama aliyekuwa na meza pale alihitaji kujua habari hizi zote, na yeye kazi yake ni kushona.

Hesabu

Mweka hazina, fungua kitabu.

Mpango wa Basic wa Shopify, kwa anayelipa mwezi kwa mwezi, ulipanda kutoka dola 29 hadi dola 39 mwaka 2023. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 130, dola 39 ni shilingi 5,070 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 60,840. Juu ya hayo, huduma ya kampuni hiyo yenyewe ya kupokea malipo haipo Kenya, kwa hivyo mnatumia njia ya kampuni nyingine, na kwenye mpango huo Shopify hukata asilimia 2 ya mauzo. Hiyo kampuni nyingine nayo ina makato yake. Mkiuza shilingi 20,000 kwa mwezi, yaani 240,000 kwa mwaka, asilimia 2 ni shilingi 4,800. Jumla ya kukodi ni shilingi 65,640 kwa mwaka.

Upande wa huria, programu ni sufuri. Jina la duka linaloishia na .co.ke ni kama shilingi 1,000 kwa mwaka. Nafasi kwenye seva, tuseme 6,000 kwa mwaka; ulizeni kampuni mbili tatu, bei zinatofautiana. Kumlipa fundi wa kujenga, tuseme 30,000 mara moja. Na kumlipa mtu wa kulitunza, kuweka matoleo mapya na kuziba matundu, tuseme 2,000 kwa mwezi, ambayo ni 24,000 kwa mwaka. Jumla ya mwaka wa kwanza ni shilingi 61,000. Mwaka wa pili, bila kujenga, ni 31,000.

Mmeona? Mwaka wa kwanza tofauti ni kidogo sana. "Bure" yetu imekuwa shilingi 61,000. Faida ya huria inaanza kuonekana mwaka wa pili, na inaonekana tu ikiwa mtu wa kutunza yupo na mnamwamini. Mkiondoa ule mstari wa shilingi 24,000 ili hesabu ipendeze, mtakuwa mmefanya kama sisi mwaka 2019.

Tazameni pia dola. Katikati ya 2022 dola ilikuwa kama shilingi 117. Mwenye duka la dola 29 alilipa karibu shilingi 3,400 kwa mwezi. Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160, na bei ilikuwa imefika dola 39. Hiyo ni shilingi 6,240. Karibu mara mbili, na huenda hakuuza hata mfuko mmoja zaidi. Baadaye shilingi ilipata nguvu tena, lakini mtu hapangi biashara kwa kutegemea hilo. Anayeuza kwa dola hana wasiwasi sana, kwa sababu anayopokea na anayolipa vinapanda pamoja. Anayeuza kwa shilingi na kulipa kwa dola ndiye anayeumia.

Na kuna hesabu ya mwisho, ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote. Kwa mauzo ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kukodi kunakula shilingi 5,470. Hiyo ni zaidi ya robo ya mauzo yote, na sijasema faida, nimesema mauzo. Hata huria mwaka wa pili inakula asilimia kama 13. Kikundi cha kiwango hicho hakijafika wakati wa duka la mtandaoni la aina yoyote. Najua kuna watakaokasirika kusoma hivyo. Afadhali mnikasirikie mimi.

M-Pesa

Duka lisilopokea M-Pesa, Kenya hii, ni mapambo. Kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa mwaka 2007, na mwaka 2017 ikafungua mlango uitwao Daraja, ambao fundi yeyote anaweza kuutumia kuunganisha duka na malipo. Mteja akibonyeza "lipa", ombi linatokea kwenye simu yake, anaweka namba yake ya siri, na duka linajua lenyewe kwamba pesa imeingia.

Njia ya huria inaingia kwenye Daraja kwa kiongezo, yaani kipande cha programu kinachopachikwa juu ya duka. Viko vya bure na viko vya kulipia. Chagueni kile ambacho kimebadilishwa karibuni, kwani kiongezo kilichoachwa miaka mitatu ni kufuli yenye kutu. Ama mtumie kampuni ya kati kama Pesapal, ambayo inapokea M-Pesa na kadi pia, kisha inakata asilimia yake. Duka la kukodi kwa kawaida hupitia kampuni za kati kama hizo. Kwa vyovyote vile, namba ya till iwe kwa jina la kikundi, na pesa ziende kwenye akaunti ya kikundi yenye sahihi za watu watatu. Fundi asiwe njiani kabisa. Fundi akisema, "Pesa zipite kwangu kwanza halafu nitawatumia," mwambieni asante na mumfungulie mlango.

Na msitume mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe wa malipo kwenye simu ya mteja. Ujumbe wa uongo unaandikwa kwa dakika moja. Angalieni taarifa ya till yenu wenyewe.

Funguo ziko kwa nani?

Baada ya kilichotupata, kikundi kilikaa bila duka muda mrefu. Waliporudi kujaribu tena, alikuja fundi mwingine, dada aliyesomea kazi hiyo. Mama mwenyekiti hakuuliza rangi wala picha. Aliuliza hivi:

"Binti yangu, hii duka ni yetu ama ni yako?"

"Ni yenu, mama."

"Basi funguo utatupatia lini?"

Dada yule alicheka, kisha akaona mama hachezi. Akakaa chini, wakaandika karatasi. Jina la duka liandikishwe kwa jina la kikundi na barua pepe ya kikundi, ambayo karani na mweka hazina wote wanaweza kuifungua. Malipo ya seva yafanywe na mweka hazina mwenyewe, risiti ziwekwe kwenye faili. Maneno ya siri yaandikwe kwenye daftari lililofungiwa ndani ya sanduku la kikundi, na yabadilishwe kila fundi anapobadilika. Kila mwisho wa mwezi fundi atoe nakala ya duka lote, iwekwe mahali pawili, na moja isikae Gikomba.

Hili la mwisho lilisemwa na mama anayeuza viatu, na kila mtu alielewa bila kuelezwa. Sisi wa hapa tunajua moto. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 2018 soko liliwaka na watu 15 wakafa, na huo haukuwa moto wa kwanza wala wa mwisho. Mwenye kibanda akiunguliwa, bidhaa zinaisha, lakini akiwa na majina na namba za wateja wake anaweza kuanza tena na robota moja. Asiye nazo anaanza kutoka mlango wa kwanza. Orodha ya wateja ni mtaji. Iwe kwenye duka la kukodi ama la kujijengea, itoeni kila mwezi na muwe nayo ninyi.

Maduka ya kukodi makubwa yanaruhusu kutoa orodha ya bidhaa na ya wateja kama jedwali. Sura ya duka na ufundi wake vinabaki kwao. Kabla ya kulipa mwezi wa kwanza, jaribuni kutoa hiyo orodha. Mkishindwa na bidhaa tano, mtashindwa na mia tano.

Tena kumbukeni kwamba majina na namba za watu si mali ya kuchezea. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamhusu yeyote anayeweka habari za wateja. Msiziuze, msizigawe, na mteja akisema mumtoe kwenye orodha, mtoeni.

Basi mimi ningefanyaje?

Ningeanza na simu. Picha nzuri mchana kwenye mwanga wa nje, orodha ya bei kwenye WhatsApp ya biashara, till ya kikundi, na daftari la oda lenye tarehe, jina, namba, kitu na pesa. Hiyo haigharimu karibu kitu. Ningekaa hapo miezi sita. Mengi yanayoua maduka ya mtandaoni hayatokani na programu. Mfuko uliopigwa picha ni mwekundu na uliotumwa ni wa kijani. Mzigo unakaa siku tisa ofisi ya basi. Hakuna wa kujibu ujumbe Jumapili. Hayo mtayajua kwa simu, bila kulipa dola.

Mauzo yakifika mahali ambapo daftari linawashinda, na kukiwa na mtu wa kutunza anayeishi karibu na mnayemlipa kwa heshima, ningechukua huria. Na ningetafuta fundi wa pili amjue wa kwanza na aone kazi yake, kwa sababu faida ya huria ni hiyo: mafundi wengi wanaijua, hamfungwi kwa mmoja. Wengi wa vijana wanaosoma kompyuta vyuoni wameshaishika WordPress.

Kukodi nako sikudharau. Kuna mshonaji wa suti ninayemfahamu, anauzia Wakenya walioko ng'ambo, analipwa kwa dola na hana muda wa kuhangaika na seva. Anakodi, analipa, analala. Kwake ni sawa, kwa sababu mauzo yake yanabeba kodi hiyo bila kuinama. Kikundi kisicho na fundi wa karibu, lakini kina mauzo ya kweli, kinaweza kukodi kwa mwaka mmoja kikitafuta mtu. Kibaya ni kukodi kwa kadi ya benki ya mtoto wa mwanachama, halafu mtoto agombane na mama yake. Na hilo nimeliona.

Wamama wangu kumi na sita walichagua huria mara ya pili. Duka ni dogo, lina bidhaa arobaini hivi, na mwezi wa Februari huwa halina mteja. Wateja wale mia mbili wa kwanza hawakupatikana tena, isipokuwa yule wa Nakuru, ambaye alipiga simu mwenyewe akiuliza kama bado tuko hai.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Mwezi uliopita tuliuza kwa pesa ngapi kwa jumla, na robo ya hizo ni ngapi? Mweka hazina aandike ukutani kabla ya mazungumzo kuendelea.

Kama simu ya karani ikipotea leo, ni wateja wangapi tunaweza kuwapigia kesho?

Nani kati yetu, ama kijana gani wa kijiji hiki, anaweza kufundishwa kutunza duka, na tutamlipa kutoka mfuko gani? Msijibu kwamba atajitolea.

Kwa vikundi ambavyo tayari vina duka: jina lake limeandikishwa kwa nani? Msikisie. Karani afungue barua pepe, atafute risiti, aisome mbele ya wote.